Mrejesho: dawa mbili za melanoma ya jicho

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kwa nini baba mkwe wangu, Mwingereza, mwenye melanoma ya jicho (saratani ya seli za rangi) iliyosambaa hadi kwenye ini, apewe dawa mbili kwa mpigo wakati hata moja tu ingetosha kumlaza kitandani kwa madhara yake. Asanteni mliojibu, hata yule wa mlonge.

Daktari alituchorea nyuma ya bahasha. Melanoma hii si ile ya ngozi, hivyo dawa za kuziba BRAF, jeni inayoharibika mara nyingi kwenye ile ya ngozi, hazimfai. Hitilafu iko kwenye jeni ya GNAQ au GNA11, swichi iliyoganda ikiwa imewashwa. Dawa ya kwanza, darovasertib, inaziba PKC, protini iliyo kwenye njia mojawapo inayoanzia hapo. Ya pili, crizotinib, inaziba MET, kipokezi cha juu ya seli, yaani mlango wa uani, na ini lenyewe ndilo linalotoa protini ya kuufungua! Ukifunga mmoja, seli zinapenya kwa mwingine.

Aliyeuliza kuhusu tebentafusp, dawa nyingine ya melanoma hii iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022: inataka mgonjwa mwenye HLA (alama za kurithi za kinga ya mwili juu ya seli) ya aina ya HLA-A*02:01. Kipimo kilirudi, mzee hana. Ndipo akaingizwa kwenye majaribio ya hizi dawa mbili.

Sasa ni wiki ya tisa. Kuhara kumepungua. Miguu bado inavimba, ukibonyeza pale soksi inapoishia kidole kinaacha shimo, na viatu vyake vya bustani havimwingii tena, anashinda na kandambili nilizotoka nazo Tanga. Skani ya kwanza: uvimbe mkubwa wa saratani haujakua, mdogo umenywea kidogo. Hajafurahi wala kulia, aliuliza tu kama chai ipo.