Nukta za kwanta 655: madoa mengi, nyuzi hafifu

Swali: Wakuu, natia alama mikrotubuli (nyuzi za ndani ya seli) za seli za HeLa (seli za binadamu za maabara): kingamwili ya kwanza inayoshika mikrotubuli, ya pili inayoshika ya kwanza na yenye biotini, kisha nukta za kwanta 655 (chembe ndogo sana zinazong'aa kwa mwanga wa nanomita 655) zenye streptavidini (protini inayonasa biotini), nanomola 50. Napata madoa makali kila mahali, nyuzi hafifu. Shida iko wapi?

Jibu 1: Mkuu, 50 ni nyingi, shusha hadi 10–20. Madoa hayo ni mabonge: zungusha akiba ya nukta kwenye sentrifyuji, g 5,000 kwa dakika 3, uchukue maji ya juu tu. Akiba ikae nyuzijoto 4 za Selsiasi. Ikigandishwa, nukta hushikamana na hazitenganiki tena. Zuia mishiko isiyotakiwa kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 6. Mitokondria zina biotini yake, kwa hiyo tanguliza avidini (nayo hunasa biotini), kisha biotini, kabla ya kingamwili ya pili.

Jibu 2: Naongezea kuhusu nyuzi hafifu. Nukta pamoja na ganda lake ina nanomita 15–20, haipenyi kirahisi. Tumia Triton (sabuni inayotoboa utando wa seli) asilimia 0.25, dakika 15. Angaza kwa nanomita 405, si 633: kadiri mwanga unavyokaribia urujuani ndivyo nukta inavyoufyonza zaidi.

Muulizaji: Kuna nukta zinazozimika na kuwaka. Zimeharibika?

Jibu 2: Hapana, nukta moja moja ndivyo ilivyo. Bonge halizimiki lote kwa pamoja.