Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha vyuma aingie mieleka

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ananyanyua vyuma vizuri na mwalimu wake anamsifu, ila sasa akili yake yote iko kwenye mieleka ya kulipwa. Mfano wake ni Mark Henry wa Texas. Kweli, Henry alishiriki Olimpiki mbili za kunyanyua uzito, Barcelona 1992 na Atlanta 1996, na mwaka huohuo wa 1996 akasaini mkataba wa miaka 10 na WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani ambayo sasa inaitwa WWE. Lakini mkanda wa dunia wa uzito wa juu aliupata 2011, alipomshinda Randy Orton. Miaka 15! Katikati hapo kulikuwa na majeraha, na vituko vya ulingoni ambavyo kwa maoni yangu havikustahili kipaji chake.

Sitaki kumkatisha tamaa kijana. Naogopa mgongo na magoti yake, maana kuangushwa mara kwa mara si sawa na kunyanyua chuma umesimama. Je, aendelee kwanza na mashindano ya vyuma, au aanze kujifunza kuanguka sasa akiwa bado mdogo? Mliowahi kufundisha judo au mieleka, nisaidieni: mwili wa mnyanyuaji unaandaliwaje?