Nimepata nyumba yangu Ujerumani lakini haina jiko, nianzie wapi?

BintiTanga
Habari zenu wadau. Nipo Leipzig, nimemaliza Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya unesi na baada ya miaka mitatu ya kukaa hosteli nimepata nyumba ya peke yangu, chumba kimoja na jiko, nilifurahi mpaka nikalia. Ijumaa nimekabidhiwa funguo naingia nakuta huko jikoni hamna kitu, mabomba tu yametokeza ukutani, hata taa hamna, nyaya zinaning'inia darini. Leo siku ya nne nalala kwenye godoro chini nakula mkate. Hela yote imeishia kwenye Kaution, ile amana ya mwenye nyumba. Nianzie wapi? Na jingine, jioni nikishafunga mlango kunakuwa kimya mpaka nampigia mama tuongee hadi usingizi unichukue, nyie mlizoeaje?

Omosh_Dortmund
Hongera sana dadangu. Hiyo ndio kawaida ya huku, wapangaji wengi wanahama na jiko yao na taa zao. Usikimbilie duka. Ingia Kleinanzeigen, ile tovuti ya matangazo ya vitu used, andika Küche, yaani jiko, utapata watu wanahama na wanataka itoke haraka, wengine wanapeana bure. Yangu nilinunua euro 150, sinki, kabati zote na jiko ya stima, lakini kufungua na kubeba ni juu yako so tafuta vijana wawili na gari, na upime ukuta kabla ulipe. Jiko kubwa usiunganishe mwenyewe tafadhali, ile waya ni ya fundi wa stima. Kwa sasa chukua ile ndogo ya kuchomeka kwa soketi, ya pleti mbili, angalau ule ugali. Na Kaution ulilipa yote mara moja? Sheria inakuruhusu kulipa mara tatu mwezi kwa mwezi, na haifai kuzidi miezi 3 ya kodi ile tupu, bila maji na hita.

MamaZai
Mdogo wangu pole na hongera. Kabla ya kabati nenda kajiandikishe anwani mpya, una wiki mbili tu tangu kuhamia, mwenye nyumba lazima akupe karatasi ya kuthibitisha. Piga picha kila ufa na kila doa leo leo. Barua ya ada ya redio na TV itakuja, 18.36 kwa mwezi, hata kama TV huna, usiitupe. Na madirisha fungua wazi kabisa dakika tano kumi asubuhi na jioni hata baridi ikiwa kali, sisi wa kuchemsha maharage mvuke unajaa ndani, ukuta ukiota ukungu utaambiwa ni wewe.

Huo ukimya naujua. Mimi Hamburg nililala miezi miwili nimewasha redio. Siku nimepika pilau nikampelekea bibi wa mlango wa pili sahani moja, hakunielewa vizuri ila alipokea, na kesho yake sahani ikarudi na keki ya tufaha juu. Tangu hapo nikisikia mlango wake unafungwa najua kuna mtu.

BintiTanga
Dada Zai umeniliza. Kaution nililipa yote, sikujua. Nimepata jiko Halle euro 80, mwenyewe anahama Jumamosi, kuna mtu wa huku ana gari?

Mzaramo_Halle
Nipo Halle, gari ninalo na Jumamosi sina shifti. Nicheki inbox.