Nguvu, wingi wa ngumi au kusoma umbali: mpigaji hatari wa MMA ana nini?

NgumiJiwe: Wakuu, ushabiki tuuweke pembeni. Kwenye MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukaba, naona wapigaji wa aina tatu. Kuna mwenye nguvu za kuzaliwa nazo kama Francis Ngannou, ngumi moja ikitua umelala. Kuna anayekumiminia mapigo bila kupumzika, kama Max Holloway. Halafu kuna asiye na haraka, anapima umbali na kungoja ukosee, kama Anderson Silva enzi zake. Ukipewa sifa moja tu, unachagua ipi? Mimi nguvu. Jinsi Ngannou alivyomzima Alistair Overeem Desemba 2017 inatosha.

KonaBluu: Mkuu, songa mbele hadi Januari 2018. Ngannou huyohuyo kwa Stipe Miocic: alirusha makombora mapema, mengi yakapita hewani, pumzi ikakata, akaangushwa kila mara na kupoteza kwa pointi. Waliporudiana Machi 2021 alimaliza kazi raundi ya pili. Nguvu zilikuwa zilezile. Safari hii alitulia, akachagua mapigo, na Miocic alipovamia miguu akazuiwa.

BiKiwiko: Wingi mnaudharau bure. Januari 2021 Holloway alimtandika Calvin Kattar mapigo ya maana 445 kwa raundi tano, rekodi ya UFC, ligi kubwa ya MMA. Tena kuna wakati alikuwa anawageukia watangazaji na kuwasemesha huku anapiga! Ngumi nyepesi ina kazi yake: inakufanya ujifunike, na ukijifunika huoni ile nzito inayofuata. Na msiseme hana nokauti. Justin Gaethje alizimwa UFC 300 ikiwa imebaki sekunde moja pambano liishe.

MielekaKwanza: Mnajadili kana kwamba ni masumbwi. James Toney alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi, fundi kwelikweli. Agosti 2010 akaingia na Randy Couture: akadakwa mguu, akabwagwa, akakabwa, raundi ya kwanza hiyohiyo.

Mpigaji wa MMA anaishi na hofu ambayo bondia hana. Akiegemea sana mguu wa mbele, unadakwa. Akimwaga ngumi tano mfululizo, kiuno kinabaki wazi. Akirusha teke kivivu, linashikwa. Hata kujikinga ni tofauti, maana glovu za aunsi 4 ni ndogo, ngumi inapenya katikati ya mikono. Ndiyo maana umbali ni uhai: lazima usimame mbali kidogo kuliko bondia, na uwe na miguu ya kuingia na kutoka. Chuck Liddell alikuwa anarusha ngumi kwa uhuru ule kwa sababu alicheza mieleka chuoni. Kumwangusha ilikuwa shughuli.

NgumiJiwe: Kwa hiyo unampa Silva?

MielekaKwanza: Nampa. Tazama tena lile la Forrest Griffin, Agosti 2009. Griffin anasonga mbele na kupiga hewa, Silva anarudi nyuma, na ngumi fupi ya kulia inamwangusha mtu mzima. Ile siyo nguvu. Griffin aliifuata mwenyewe.

KonaBluu: Ila Julai 2013 Silva alishusha mikono mbele ya Chris Weidman akifanya mzaha, akazimwa. Anayetegemea kukwepa siku moja huchelewa, na hakuna mkono wa kuziba.

BiKiwiko: Hapo umesema.

JichoMwewe: Mbona Alex Pereira hatajwi? Watu wanaona ile ngumi ya kushoto tu. Kwanza anakupiga teke la chini kwenye misuli ya nyuma ya mguu wa mbele, mguu ambao unauhitaji kuingilia au kuvamia. Mguu ukishakufa ganzi unasimama palepale anapokutaka. Geresha zake ni ndogondogo, macho tu na bega. Novemba 2022 Israel Adesanya alikuwa anaongoza kwa pointi, raundi ya tano akamalizwa.

NgumiJiwe: Na Aprili 2023?

JichoMwewe: Adesanya alijikunja kwenye wavu, akamwacha aje na pupa, akamtungua kwa mkono wa kulia raundi ya pili. Hapo Pereira ndiye aliyesahau umbali. Kwa hiyo mkuu, kama ni sifa moja tu, niandike kwenye orodha ya MielekaKwanza.

NgumiJiwe: Sawa, ila ngumi ya Ngannou msinikaribishie.