Ushauri wakuu: mzee ana saratani ya tezi dume, kuna jamaa anamuuzia vidonge vya lishe

mwana_shangani
Habari zenu wakuu, nipo Mtwara mjini. Mzee wangu ana miaka 68, akapimwa PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikawa juu, wakachukua kinyama kikaenda maabara, majibu saratani ya tezi dume ila ya daraja la chini, Gleason 6 (alama ya ukali wa saratani). Daktari kasema hakuna operesheni saa hii, anafuatiliwa tu kwa vipimo. Mzee hataki kusikia, anasema wamemtelekeza. Sasa kuna jamaa kamletea vidonge vya vitamini E na selenium, eti vinakausha uvimbe, na mzee anataka kuuza korosho zake anunue dozi nzima. Ni kweli au tunapigwa? Na kama kuna chakula cha kupunguza kasi semeni, mama atapika chochote.

Babu_Newala
Mbegu za maboga mkuu. Asage, kijiko asubuhi na jioni, mjomba wangu kapona kabisa.

nesi_wa_zamu
Babu heshima yako, ila mjomba alikuwa na saratani au tezi iliyotanuka tu kwa umri? Hayo ni magonjwa mawili.
Mtoa uzi, hivyo vidonge mzuieni. Marekani walifanya utafiti mkubwa, SELECT, wanaume zaidi ya 35,000, ukasimamishwa 2008 kwa sababu havikukinga kitu, halafu 2011 ikaonekana waliokunywa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na hao walianza wakiwa wazima, sasa mzee ambaye tayari anayo ya nini kumjaribishia?

mlaji_vibua
Na nyanya je? Huku tunasikia lycopene lycopene, ile rangi nyekundu ya nyanya, kila siku.

nesi_wa_zamu
Nyanya ale, tena zilizopikwa na mafuta kidogo mwili unaivuta vizuri zaidi kuliko mbichi, ila haijathibitishwa kuwa inazuia uvimbe. Hata mboga nyingi, 2020 yalitoka majibu ya utafiti wa watu kama huyu mzee, wanafuatiliwa tu, wakahimizwa kula mboga kwa wingi miaka miwili, ugonjwa ulisonga sawasawa na wa wenzao. Kwa moyo na presha mboga ni nzuri, asiache.
Cha kutia moyo kidogo ni samaki. Chuo cha UCLA walichukua wagonjwa 100 wa kufuatiliwa, nusu wakala omega-3 nyingi (aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki) pamoja na vidonge vya mafuta ya samaki, wakapunguza omega-6 (aina nyingine ya mafuta), baada ya mwaka kipimo cha kasi ya seli kuzaliana kikashuka kwao, kwa wenzao kikapanda. Ila PSA na Gleason hazikutofautiana, kwa hiyo tusiite dawa.

mlaji_vibua
Basi vibua vya feri vinatosha 😂

nesi_wa_zamu
Vibua vina omega-3 ya kutosha, shida yetu tunavizamisha kwenye mafuta ya alizeti mpaka vinakauka, na alizeti ya kawaida ndiyo hiyo omega-6 yenyewe. Mama avichemshe, ndimu, nyanya, basi.

mwana_shangani
Asante sana dada. Chupa moja tayari kanunua, kaificha chini ya kitanda. Nifanyeje?

nesi_wa_zamu
Usimnyang'anye mtakosana. Mwambie aende nayo kliniki daktari asome lebo, akiambiwa na daktari atasikia. Na tarehe ya PSA asiiruke hata kama anajisikia mzima.