Mjadala: Wanyama waondolewe maabara za famakolojia vyuoni?

Wakuu, kuna mwenzetu ametoa hoja kwamba idara za famakolojia (elimu ya dawa) na elimu ya sumu vyuo vikuu ziachane kabisa na wanyama, maana kompyuta na seli za binadamu zinazokuzwa maabara zinatosha. Mimi namuunga mkono nusu.

Nikiwa mwanafunzi tulimchoma panya mweupe sindano ya mofini, dawa kali ya maumivu. Haikuchukua muda, mkia ukasimama ukajikunja juu ya mgongo kama herufi S. Tukaandika, tukapewa alama, panya akauawa. Jambo hilo limo vitabuni tangu 1911! Mwaka uliofuata darasa jingine likarudia yaleyale. Video moja ingetosha. Hayo yafutwe hata leo.

Ila penye swali la kweli nasita. Mwaka 1937 huko Marekani, dawa ya maji ya salfanilamaidi, ya kuua bakteria, iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Idara ya famakolojia ya Chuo Kikuu cha Chicago ikasaidia kutafuta chanzo: wanyama wakapewa dawa peke yake, wengine kile kimiminika kilichotumika kuiyeyusha. Muuaji akajulikana, daiethilini glaikoli, inayoharibu figo. Kwenye kazi ile alikuwemo mwanafunzi Frances Oldham, ambaye baadaye, akiitwa Kelsey, akiwa mkaguzi wa dawa serikalini, aligoma kuidhinisha thalidomaidi Marekani, dawa ya usingizi ambayo kwingineko wajawazito walipewa kwa kichefuchefu.

Mchangiaji wa kwanza: Umeitaja thalidomaidi mwenyewe. Panya waliivumilia, watoto wakazaliwa bila mikono. Na London 2006? Nyani walipewa TGN1412, dawa mpya ya kinga ya mwili iliyokuwa ikijaribiwa, kwa kipimo mara 500 ya kile cha binadamu, wakawa wazima. Vijana sita waliojitolea wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Mnyama anatudanganya, na sisi tunamlipa kwa kumuua.

Mchangiaji wa pili: Seli nazo zinadanganya. Methanoli, ile pombe ya viwandani, yenyewe si sumu kali sana, ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayopofusha. Weka seli za jicho peke yake kwenye sahani, hutaona madhara hayo.

Mtoa mada: Ndugu wa kwanza, la London sina pa kulipinga, linaniuma pia. Lakini thalidomaidi ilipokuja kujaribiwa kwa sungura na nyani wenye mimba, madhara yalionekana. Swali la mimba halikuulizwa mapema kwa mnyama anayefaa. Tena methanoli, panya wanaihimili kuliko sisi, kwa hiyo kuchagua mnyama ni nusu ya kazi.

Sharti langu ni hili: idara iliyoua mnyama itangaze matokeo hata kama dawa imefeli. Yakifungiwa kabatini, idara nyingine itaua wengine kutafuta jibu lilelile, na hapo sina utetezi wowote. Anayepinga sharti hilo aje atueleze sababu.