Naomba ushauri: safari ya gari kutoka Lushoto hadi Mtae pamoja na wazazi

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu safari ya Milima ya Usambara ninayokusudia kuifanya mwezi Julai pamoja na wazazi wangu, ambao umri umekwenda na hawawezi tena kutembea mwendo mrefu. Barabara ya Mombo hadi Lushoto hainipi shaka kwa kuwa ni ya lami, ingawa kona zake ni kali na bonde liko ubavuni karibu njia nzima; tutapumzika Soni kuangalia maporomoko, kisha tutakwenda Irente, ambako mtu husimama ukingoni mwa jabali na kuiona Mazinde chini kabisa. Linaloniumiza kichwa ni kipande cha kutoka Lushoto kupitia Magamba hadi Mtae. Baba anatamani mno kuiona nyika ya Mkomazi kutoka kule juu, nami sipendi kumnyima. Je, gari dogo la kawaida linaweza kufika huko wakati wa kiangazi, au ni afadhali nikodi gari lenye nguvu pamoja na dereva mwenyeji? Vilevile, ukungu wa asubuhi huondoka saa ngapi, na kuna nyumba ya wageni yenye maji ya moto, maana mama ana pumu na baridi humsumbua sana?